Kurasa Alizoruka Mke wa Mzee wa Kanisa

Mwalimu mkuu ndiye alimwaga mafuta taa. Mzee wa kanisa ndiye aliwasha kiberiti. Vitabu vyangu, katoni nzima, viliungua nyuma ya jikoni ya shule, watoto wamepangwa mstari waone. Kimoja cha hadithi za sungura kilijikunja kama mtu anashika tumbo. Nilipiga magoti. "Mwalimu, hicho cha magonjwa ya ng'ombe angalau kiache!"

"Mama mahindi, rudi kwa jiko lako."

Mke wa mzee wa kanisa alikuwa hapo pia. Yeye ndiye alijua ukweli.

Mimi niliishia darasa la tatu huko Ukambani. Miaka ya tisini nilikuwa nachoma mahindi Kitengela, kando ya barabara ya Namanga. Familia moja ya kutoka magharibi ilihama nyumba ya kupanga ikaniachia hiyo katoni. Vitabu vingi vilinishinda kusoma, kwa hivyo nikaweka sheria: ukiazima, siku ya kurudisha unakaa kwa stuli unanisimulia chote mpaka mwisho. Hapo ndipo nilikuwa najua cha kumpa nani. Mfugaji wa Kisaju nilimpa cha magonjwa ya ng'ombe, akawa anasomewa na binti yake. "Yeyo," akaniita mama kwa Kimaasai, "daktari wako wa karatasi ameokoa ndama!" Nilicheka hadi mahindi yakaungua. Jirani yangu mjane nilimpa cha upelelezi; alisema afadhali kulilia maiti ya mtu mwingine. Watoto wadogo, sungura. Nilisoma kwa midomo ya watu, na hiyo ndiyo shule nilipata.

Mke wa mzee wa kanisa aliazima riwaya. Siku ya kurudisha akakaa, akasema, "Ni msichana anaenda kusomea ualimu, anarudi kumjengea mama yake nyumba."

"Basi?"

"Basi, mama. Kizuri sana."

Nikampa msichana wa darasa la sita, aliyekuwa amemaliza vya sungura vyote. Nikamwambia, hiki ndicho chako sasa. Mwalimu mkuu alimpata nacho, akakifungua katikati, akakuta mambo ya kitandani. Walimchapa mbele ya shule nzima, ndipo wakaja kwangu kuchukua katoni. Tangu siku hiyo yule mtoto alikuwa akiniona, anavuka barabara asinikaribie.

Sasa niko Kajiado mjini, bado nachoma mahindi. Mtu akiniuliza asome nini, nageuza mahindi tu.

Mwalimu mkuu, cha ng'ombe kilikuwa na uchafu gani? Mzee wa kanisa, ulisoma hata kimoja kabla ya kuwasha? Na wewe mama, ulikuwa umesimama hatua tatu kutoka kwangu. Kwani ilikuwa ngumu kusema, "Ni mimi nilimficha hizo kurasa"? Mtoto alibeba aibu yako mgongoni. Najua uko hai, nasikia bado unaimba kwaya. Stuli ninayo. Njoo ukae, unisimulie kile kitabu chote, na zile kurasa. Halafu twende pamoja kwa yule msichana, umwambie kwa mdomo wako.