Bwana Barafu na Lebo Zilizobanduliwa

"Mwenzangu, bosi wako anafuga kitu kwenye friji," jirani fundi cherehani alimwambia mama mchanga mmoja, pini mdomoni. "Anakisemesha, anakibembeleza!"

Mama huyo alicheka tu. Bosi wake wa maabara, Bwana Barafu, kweli aliongea na chupa. Ndoo ya barafu haikumtoka mkononi, na miwani aliitafuta akiwa ameivaa. Funguo mkewe alimfungia shingoni kwa kamba, na kila saa saba alimpigia simu akale.

Kazi ya mama mchanga ilikuwa kubandua lebo na kuosha chupa. Siku moja mtoto wake alikuwa akiota meno, hakumpa usingizi. Alifika akili iko nyumbani, akabandua lebo za chupa zote mezani, hadi zile za utafiti. Alipozinduka, alimwita bosi. Kibarua kimeota nyasi!

Bwana Barafu akazikodolea macho.

"Nani alikuonyesha za kubandua?"

"Hakuna, bosi. Kila siku dada mpimaji hunisogezea za kuosha. Leo hajaja."

"Umezihamisha?"

"Hata moja."

"Basi mpangilio wa chupa uko kwenye daftari la mpimaji, tutaandika upya." Ghafla akaruka, barafu ikamwagika. "Kumbe fosfatasi yangu ni wewe!"

"Mimi tena? Nisamehe, bosi."

"Sikiliza. Ndani ya chembe hai, protini hubandikwa fosfati, kama lebo, zijue la kufanya. Fosfatasi, nayo ni protini, huzibandua. Ikiachwa peke yake, haichagui sana, kama wewe leo bila mpimaji. Basi ina protini wenza: mmoja huishika mkono kuipeleka panapotakiwa, mwingine huizuia mpaka wakati wake ufike."

Mama mchanga akamtazama bosi, kisha akazitazama zile funguo kifuani pake.

"Kwa hiyo mama nyumbani ndiye anayekushika mkono?"

Bwana Barafu akazigusa funguo, akacheka mpaka akakohoa. Naye mama akathubutu kuuliza:

"Basi kesho nije kazini, au nisije?"

"Uje mapema! Wageni wanakuja kusikiliza utafiti wangu. Mara ya mwisho nilianza na fosfatasi nikaishia kwenye kuku wa shangazi, wawili walisinzia." Akashusha sauti. "Tafadhali, dada, simama nyuma yangu. Ukiona napotea, nivute koti."