Bi Kurunzi na Ukurasa Usiofunuliwa

"Usinifanye mtoto wa juzi, Mwalimu! Yule binti amesoma ukurasa ambao hajaufunua!"

"Mama, si nimekueleza? Kitabu ni hicho hicho tangu shule zifunguliwe. Wamekisoma mpaka kimewaingia kichwani."

"Kimewaingia, au umewakaririsha?"

Aliyeuliza ni mkaguzi, aliyekuja kutazama somo la kusoma la darasa la kwanza. Walimu walimwita Bi Kurunzi, maana alimulika hata penye jua. Mama yake mzazi huapa kwamba huyu, akiwa kichanga, alinusa ziwa kwanza ndipo akanyonya. Na siku ya harusi alimvua bwana harusi kofia, ahakikishe kichwa ni kile kile kilichokuja kuposa.

Somo lilikwenda vizuri mno, na kwake yeye "vizuri mno" ni dalili ya wizi. Alikaa dawati la nyuma, magoti yamemfika kidevuni, macho yamemganda binti mmoja mwenye pengo. Kidole cha mtoto kilikuwa bado kwenye kuku, chini kabisa ya ukurasa, lakini mdomo ulishavuka zamani, uko upande wa pili unachunga ng'ombe. Hapo Bi Kurunzi akafunga kalamu. Watoto walipotoka kucheza, akafunga na mlango.

Sasa kijana wa watu kasimama mbele yake, jasho limemchora ramani shatini. Bado yuko kwenye majaribio. Bi Kurunzi akiandika kwamba watoto hawajui kusoma, kazi hana.

"Chagua mtoto yeyote, Mama, umpe maneno mapya."

"Wenye hila ndio husema chagua yeyote."

"Basi andika mwenyewe ubaoni. Kitu ambacho hakimo kitabuni."

Bi Kurunzi akachukua chaki, akaigeuza, akaichungulia kama anayetafuta funza kwenye embe. Akamkagua kijana toka utosini hadi viatuni, akapanda tena, akatua kidevuni, kwenye vinywele vichache alivyovilea kama miche ya mchicha. Kisha akaandika kwa herufi za kuonwa na kipofu: MWALIMU WETU ANA NDEVU ZA MBUZI.

Mwalimu akashika kidevu. "Mama, jamani!"

"Imo kitabuni?"

"Haimo."

"Basi."

"Ngoja nikamwite mmoja..."

"Weee! Kaa hapo hapo. Ukitoka utamnong'oneza."

"Haya, kamwite wewe."

"Nikuache peke yako na ubao? Ili ufute?"

"Tugonge kengele, basi."

"Kengele ya nani? Si yako? Nitajuaje mmeagana nini nayo!"

Wakabaki wanatazamana, huyu kashikilia chaki, yule kashikilia kidevu, na hakuna wa kutoka.

Mlango ukasukumwa. Ni yule mwenye pengo, amefuata chupa yake ya maji. Alikuwa anataka kuamkia, lakini macho yalikwishapanda ubaoni. Midomo ikaanza kutembea taratibu, bila sauti, neno baada ya neno, ikakwama kidogo, ikajikwamua, ikafika mwisho. Mtoto akageuka, akamtazama mwalimu kidevuni, akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Kicheko kikampenya vidoleni.

"Wewe mtoto, nani amekuambia..." akaanza Bi Kurunzi, kisha akaiona chaki ingali mkononi mwake mwenyewe.