Chef aliyekimbia embouteillage

Mwezi uliopita niliamukia ku bureau moja ya serikali hapa Butembo, nishike nafasi ya kwanza juu ya karatasi yangu ya attestation. Ilikuwa saa kumi na mbili ya asubui, na mutu alikuwa amenitangulia: chef mupya, mukubwa wa bureau yenyewe, mutu wa Kinshasa, analala mu gari yake mbele ya mulango, amejifunika koti.

Sentinelle, mulinzi wa mulango, akagonga ku kioo na kidole kimoja, chef akakishusha.

— Papa chef, tunafungua saa mbili. Unakaa wapi?

— Pale juu, nyuma ya kanisa.

— Donc ni dakika tano tu kufika hapa.

— Kinshasa nilikuwa natoka saa kumi na moja, juu ya embouteillage, magari yanajaa barabara.

Sentinelle akatazama barabara. Mbuzi tatu zilikuwa zinavuka, bila haraka.

— Na batoto banakula asubui na nani?

Chef akapandisha kioo. Kisha akakishusha tena.

Juzi nilirudia attestation, maana bado haijatoka. Saa mbili kamili chef akaingia, kravati imenyooka, na ku mukono wa shati alama ya uji, vidole vidogo vya mutoto. Nikataka kumwambia apanguse. Sentinelle akanivuta koti.

— Wacha. Leo ndiyo amefika Butembo.