Siku ya Hukumu Nilisukwa Nusu Kichwa

Nilikuwa mmoja wa vijana waliozunguka kutafuta sahihi za kubadilisha katiba. Zilihitajika milioni moja, na niliapa kwamba Pap Onditi, kwetu kijijini, haingeniangusha. Siku ya soko nilisimama kati ya mbuzi na viazi vitamu, nikapaza sauti hadi ikakauka. Mzee mmoja aliuliza kama mabadiliko hayo yangemrudishia ng'ombe wake aliyeibwa. Nilimwambia hiyo ni kazi ya chifu. Akatia sahihi hivyo hivyo.

Shangazi yangu, msusi wa mtaa wa Kondele mjini, alikataa katakata. "Nyathina, mtoto wangu, katiba si nywele, useme leo nisuke, kesho nifumue."

Tukawekeana dau. Mabadiliko yakipita, atanisuka bure mwaka mzima. Yakianguka, nitacheza ngoma ya ohangla mbele ya kibanda chake, mchana kweupe.

Sahihi zikatimia. Mabunge ya kaunti yakapitisha, Bunge la Taifa na Seneti zikapitisha, ikabaki kura ya wananchi tu, nami nikaanza kuchagua mitindo. Kumbe bado! Ikaja kesi ya kuyapinga mahakamani, ikaja rufaa, halafu rufaa ya mwisho. Kila nikidhani tumefika, ninakuta ngazi nyingine.

Siku ya hukumu hiyo ya mwisho nilikuwa nimeketi kibandani, shangazi akinisuka, redio ikinguruma. Majaji walisoma, wakasoma.

"Anasema nini huyo?" shangazi aliuliza, kitana mdomoni.

"Bado anasoma."

"Na huyu?"

"Anakubaliana na wa kwanza, lakini si kwa yote."

"Uwi! Hata mahari haijadiliwi hivi!"

Mwishowe tukasikia: yameanguka. Shangazi alirusha kitana juu, akaniacha nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima, akapiga vigelegele hadi watu wa boda boda wakaja mbio wakidhani kuna harusi.

"Simama, Mama Katiba! Cheza!"

Nilidhani ningelia. Lakini nilipoanza kutikisa mabega, kicheko kikanishika tumboni, nikacheza kama mwenda wazimu. Boda boda zikapiga honi. Muuza dagaa wa omena akajiunga, beseni kichwani, bila kumwaga hata moja. Nilikuwa nimeshindwa kabisa, na sijawahi kufurahi vile.

Tulipoishiwa pumzi, mama mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake ya kusukwa alipangusa machozi ya kicheko, akauliza kwa dhati kabisa, "Sasa kura ya hayo mabadiliko tunapiga lini?"

Shangazi aliketi chini vumbini, akaanza kucheka upya.