Dobi Anayelibembeleza Doa

Saa moja asubuhi, kabla wageni hawajaanza kujipanga langoni, Mama Povu ameinama juu ya beseni kwenye ua wa nyuma wa nyumba ya marehemu Malenga, siku hizi makumbusho. Ndani ya beseni limelala shati moja tu, jeupe, la mikono mirefu. Analishika kama anayemwogesha mtoto mchanga: mkono mmoja chini ya shingo, mwingine unamwagia maji taratibu.

"Dobi gani wewe unayebembeleza uchafu?" mlinzi anamchokoza.

"Linda lango lako, baba. Huku hakuna cha kuibiwa."

Anachokibembeleza ni doa la wino kwenye mfuko wa kifuani, pana kama kiganja cha mtoto. Shati hili hutundikwa chumbani, kando ya dirisha linalotazama bahari, pale marehemu mshairi alipokuwa akiandika. Wageni hukipita kitanda, huipita meza. Wakifika kwenye doa, simu zote nje.

Lakini upepo wa bahari hauna adabu. Unaingia na chumvi na unyevu bila kubisha hodi, na msimu huu kuvu imeota mfukoni, ubavuni kabisa mwa doa. Wiki ijayo shati litafungiwa kwenye kabati la kioo. Likiingia na kuvu, litaliwa humo humo. Likifuliwa vibaya, doa litakwenda na maji.

Ndiyo maana msimamizi wa nyumba, binti mpole aliyevaa miwani, alimfuata Mama Povu hadi kwake. Mama huyu ndiye aliyelifua shati hili tangu likiwa jipya.

Mama Povu anacheka mpaka mabega yanatikisika. "Doa hili nimepigana nalo ujana wangu wote! Ndimu nimetia, maziwa nimetia, juani nimelianika. Wapi! Leo naambiwa, mama, tafadhali, lisitoke."

Alifika hapa akiwa na miaka kumi na tisa, binti yake mgongoni. Jina la Mama Povu alipewa na Malenga mwenyewe, mzee aliyeishi peke yake na kuchomeka kalamu mfukoni bila kifuniko.

"Namwambia, 'Baba, kalamu ina kofia, ivalishe.' Ananijibu, 'Mama Povu, ikivaa kofia itadhani imefika, italala.' Nami namwambia, 'Basi ilale, nipumzike!'"

Mashati mengi aliyaokoa. Hili lilimshinda. "Alilinunua la kuvaa akialikwa na wakubwa. Halikufika hata mlangoni."

Siku hizo nyumba ilikuwa na kelele: redio jikoni, birika likifoka, binti yake akitambaa chini ya meza ya mshairi. Sasa mbele ya meza kuna kamba, na jikoni panakatwa tiketi.

"Nikipita pale," anasema polepole, "natamani kuuliza nani kazima redio."

Maji ya kisima ameyakataa, yana chumvi. Ametaka ya mvua. Hasugui, hakamui. Anachovya kitambaa cheupe, anagusa palipo na kuvu, anakiinua kwenye mwanga.

"Kikitoka na bluu, naacha. Bora kuvu ibaki kuliko kumfuta mwenyewe."

Msimamizi amesogea, kiganja mdomoni. Hata mlinzi ameacha lango lake.

Kitambaa kinatoka na ukijani. Tena. Tena. Kisha kinatoka na kivuli chembamba cha bluu, na mkono wa Mama Povu unasimama hapo hapo.

"Lipo?" msimamizi ananong'ona.

Anaugeuza mfuko, anautazama kwa karibu. Kuvu imekwisha.

"Limepauka kidogo, kama sisi sote. Lakini lipo, mwanangu."

Shati linaanikwa kivulini, mara ya mwisho kabla ya kioo. Upepo unaingia mikononi, kifua kinajaa. Mama Povu anarudi nyuma hatua chache.

"Mwone. Utadhani anatafuta kalamu yake."

Wiki ijayo anataka kumleta mjukuu wake alione likiwa kabatini. Mtoto yuko darasa la tatu, ndiyo kwanza ameruhusiwa kalamu ya wino, na juzi alirudi na sare imelowa bluu. Mama yake, yule yule aliyetambaa chini ya meza, alikuja juu.

"Nimemwambia, lete hiyo sare, nitafua mimi," anasema Mama Povu, akimwagia maua maji ya beseni. "Na mtoto usimgombeze. Wino ukishaanza safari, hujui utafika wapi."