Makopa ya Baba Kulwa Nyuma ya Mahindi Yangu

Leo asubuhi nimepoteza magunia saba ya mahindi kati ya tisa. Dumuzi wameyala.

Nilishika gunia la kwanza, likabonyea. Vumbi tupu, na vijidudu vinatembea juu yake.

Dawa nilichanganya mwenyewe, gunia kwa gunia! Nikaenda sokoni kumfokea muuza dawa mbele ya wateja.

Akauliza kwa upole, "Mama Neema, humo stoo hakuna muhogo mkavu? Dumuzi huja nao."

Nikamcheka. Mimi silimi muhogo.

Kurudi, nyuma ya mahindi yangu nakuta magunia matatu ya makopa, muhogo mkavu wenyewe, yametoboka kama chujio. Ni ya Baba Kulwa, mpangaji mwenzangu. Stoo ni yetu wote.

"Mdudu ana mabawa, Mama Neema. Anaruka tu," akajitetea nilipomwita.

"Akaruka na gunia mgongoni?"

"Mama yangu kayatuma kutoka Masumbwe. Niyatoe yanyeshewe?"

Na wanangu wale nini mpaka mavuno?

(Muuza dawa, nisamehe. Nakuja kusema mbele ya watu wale wale.)

Baba Kulwa, najua unasoma posti hii. Yamebaki magunia mawili mazima. Kesho saa mbili asubuhi nijibu hapa hapa: makopa yanatoka au hayatoki?