Kalamu Iliyomtangulia Mgonjwa

Wahudumu wa nyumba ile ya wazee walimwita Bi Kidole, kwa sababu kabla ya kuketi alipitisha kidole kwenye chuma cha kitanda, kisha akakitazama. Chai ya wenyeji hakuigusa. Kwa miaka kumi na tisa ya ukaguzi alikuwa amejifunza jambo moja: usafi wa mlangoni ni wa wageni, wa mgonjwa uko chini ya shuka.

Siku hiyo, saa nne asubuhi, alifunua shuka la fundi cherehani mzee aliyepooza miguu. Nyongani palikuwa na kidonda cha kulalia, kipana kama kiganja. Daktari alikwishaonya: kikifika mfupani, mzee hana siku nyingi. Ukutani ilining'inia karatasi ya kumgeuza kila baada ya saa mbili. Ilikwishatiwa saini zote, hadi ya saa kumi jioni.

"Hii saa kumi ni ya leo?"

Meneja, aliyesoma naye chuo kimoja, alijichekesha. "Dada, kalamu imetangulia tu. Kazi nyingi."

"Kalamu imetangulia. Na mgonjwa?"

"Mimi nimebaki nyuma," mzee akadakia. "Tangu jana natazama ukuta huu huu. Tumeshazoeana."

Meneja alimvuta Bi Kidole kando, akamwomba amsitiri kwa ajili ya siku za chuo. Bi Kidole akamjibu kuwa aibu ya mzima hupona upesi kuliko kidonda cha mzee. Akaandika: nyumba imeshindwa, isipokee mzee mwingine mpaka wagonjwa wageuzwe kweli, na saini ifuate kazi. Meneja na wahudumu walimnunia. Anayeogopa kununiwa asishike kazi ya ukaguzi.

Baada ya miezi mitatu alirudi bila taarifa, saa nne na robo. Saini ya mwisho ilikuwa ya saa nne. Akafunua shuka. Kitanda kitupu. 

"Unanitafuta kitandani mchana wote huu?"

Mzee alikuwa dirishani, kwenye kiti cha magurudumu, sindano mkononi. Meneja mwenyewe akamwinamisha taratibu, akaonyesha kovu lililofunga vizuri, akiringa kama mzazi.

"Lete huo mkono," mzee akamwamuru Bi Kidole. "Hicho kifungo cha mkono wa nguo kinaning'inia tangu ulipokuja mara ya kwanza. Mkaguzi naye hukaguliwa."

Bi Kidole akanyoosha mkono, akatulia tuli, kama mtoto anayepimwa nguo mpya.